Doa Kwenye Skrini ya Pili

Muuzaji aliweka skrini mbili mezani kwa daktari wa eksirei, akaziunganisha na kompyuta moja.

"Ya kushoto ni aina ya TN, ya bei ya chini, kama mnazotumia sasa. Ya kulia ni IPS, inayoonyesha vivuli vyote. Fungua picha yoyote, dokta, ujionee mwenyewe."

Daktari alifungua picha ya kifua cha shangazi yake. Aliisoma wiki iliyopita akamwambia mapafu yako safi, ni mafua tu.

Kushoto, mapafu yalikuwa safi. Kulia, chini ya ubavu, palikuwa na doa la kijivu, dogo kama punje ya mtama.

Daktari akasogea pembeni, azitazame kwa upande. Kushoto picha nzima ikafifia kama kanga iliyochujuka. Kulia doa halikutikisika.

"Hizi za TN ndizo za bei rahisi," mkurugenzi wa hospitali alisema kutoka mlangoni. "Kijivu ni kijivu tu. Tuongeze kumi?"

"Nilikwambia zinameza vivuli. Ukasema napenda anasa!"

"Punguza jazba, dokta."

Daktari aliivuta skrini ya kushoto kwa waya wake mpaka ikabwagika sakafuni, muuzaji akaruka nyuma.

"Wangapi nimewarudisha nyumbani nikiwaambia ni wazima? Wangapi?"

Daktari alitoa simu, akapiga, akaiweka kwenye spika.

"Haloo, mwanangu," shangazi aliitikia kwa furaha, huku akikohoa. "Kuna habari gani?"

Daktari alimsukumia mkurugenzi simu kifuani.

"Mwambie wewe."