Chini ya Pazia

Siku ya arobaini ya eda ya mumewe, Bi Mwanakheri alisikia sauti ya mwanamume mgeni sebuleni. Akatulia chumbani, nyuma ya pazia, kama ada inavyotaka.

"Na mama yako amekubali kuuza nyumba?" mgeni aliuliza.

"Mama yumo edani, mzee wangu, hawezi kukutokea," alijibu Shekue, mwanawe wa pekee, kwa sauti ile ile aliyomsomea babake Yasini. "Akimaliza eda, atahamia kwa shangazi. Wewe pima tu."

Futi ya chuma ikateleza sakafuni, ikapenya chini ya pazia mpaka miguuni pake. Bi Mwanakheri akaikanyaga.

"Imekwama huko," mgeni akasema.

"Vuta, mzee wangu."

Mgeni akavuta. Bi Mwanakheri akaongeza mguu wa pili.