Ngazi ya Shemeji

Shemeji aliikamata ngazi kwa mikono miwili akaitikisa. Mimi nilikuwa juu kabisa, nachora ukutani jina la mgombea wangu, ambaye Shemeji hataki hata kumsikia.

"Shuka, msaliti mkubwa wewe!"

Rangi ilinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Tusi lilishafika kwenye ncha ya ulimi, nikalimeza.

"Shemeji," nikasema taratibu, "hebu nitazamie kutoka huko chini. Herufi ya mwisho imekaa sawa?"

Alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja.

"Imepinda! Watu watasema nilikufundisha uchoraji gani?"

Akairudia ngazi, akaikamata tena. Safari hii ikatulia tuli, kama imemwagiwa zege.

"Haya, irekebishe. Nimekushika."