Chumvi kwenye Theluji

Kazi yangu, hapa chumbani kwangu, mtaani Glenwood, ni kuhesabu baisani, wale nyati wenye manyoya mazito wa nchi za baridi huko kaskazini. Walikuwa wamekwisha kabisa porini. Sasa wamerudishwa, na kamera zilizofungwa mitini zinaniletea picha zao kwenye kompyuta.

"Papa, njoo uone. Wameanza kuzaa."

Papa, baba yangu, aliinama karibu na kioo. Jike na ndama wake walikuwa wanalamba theluji chini ya mti.

"Theluji iko kila mahali," alisema. "Mbona wanalamba hapo tu?"

"Eish, sijui."

"Iko chumvi. Mtu ameimwaga." Kidole chake kiliteleza hadi kwenye kichaka cheusi. "Anakaa hapa na bunduki, ili upepo umpige usoni. Mama wa ndama akionja chumvi, anasahau kuangalia nyuma. Sisi tulikuwa tunangoja hata siku mbili."

Kule Kongo, Papa alikuwa mlinzi wa mbuga. Ndivyo alivyotuambia miaka yote.

"Sisi nani, Papa?"

Nilipotaka kufungua picha iliyofuata, alinishika mkono.

"Acha, Laetitia. Mtoto atakuwa peke yake."