Siku ya Kugonga Kabari

Msumari uliingia kwenye chokaa mpaka kichwani, kama unachoma jibini. Fundi Evrard akauchomoa, akaufuta kwa kidole gumba, akajaribu mahali pengine. Na pale ukazama.

Alikuwa amelala chali kwenye jukwaa, pua yake karibu igusane na kuba ya mawe ya kanisa la abasia ya Vaubrun. Chini ya kuba yalikuwapo matao ya mbao yaliyoibeba tangu ilipojengwa, na chini ya matao, kabari. Kabari zikigongwa zikatoka, mbao hushuka na mawe hubaki yakijishikilia yenyewe. Yaani, kama chokaa imekauka. Lakini mvua ilikuwa imenyesha nchini Burgundi kiangazi kizima, na upande wa kaskazini ulikuwa mbichi kabisa.

"Vipi huko, Baba?" Gosselin aliita kutoka chini. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, mguu umefungwa vibao. Aliuvunja ngazini wiki sita zilizopita, kwa hiyo hakuweza kupanda kujionea.

Evrard akauchomeka msumari mahali pa tatu.

Kuta za kanisa lile alizijenga yeye, miaka ishirini iliyopita, nene kiasi cha mtu kujilaza dirishani akalala usingizi. Akaliezeka kwa mbao, kama walivyofanya mafundi wote enzi hizo. Radi ikapiga, paa lote likateketea. Watawa walipotaka kujenga upya, safari hii mawe mpaka juu, hawakumwita yeye. Walimwita Gosselin, ambaye Evrard ndiye aliyemfundisha hata kushika patasi. Tangu hapo ikawa Gosselin asubuhi, Gosselin jioni. Mahujaji walisimama mlangoni wakitazama juu, midomo wazi, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuutazama ukuta. Ilimuuma. Tuseme kweli, ilimuuma kuliko jino bovu, na jino lenyewe hakutaka kuling'oa.

Hata jikoni hakupumua. "Mzee Evrard," Odila mpishi alimwambia jana yake, akimpakulia supu ya kabichi, "usikae hapo karibu na moto. Mambo yako na moto tunayajua." Waashi walicheka mpaka wakapaliwa. Gosselin peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililomchoma Evrard zaidi. Sasa hata huruma anataka kunionea!

Keshokutwa ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Martino, siku aliyoipanga Abati Artald kabari zigongwe. Desturi ya waashi ilijulikana. Fundi ambaye jina lake limechongwa juu ya mlango, na kufunikwa kitambaa mpaka siku hiyo, husimama peke yake katikati ya kanisa, chini ya kuba, na yeye ndiye hutoa amri. Kuba ikisimama, kanisa ni lake milele. Isiposimama, hahitaji tena kanisa. Na mwenye mguu mmoja, Evrard aliwaza, hawezi kukimbia.

"Baba! Umelala huko?"

"Imekauka," Evrard akasema. "Ngumu kama mkate wa watawa."

"Hata kaskazini?"

"Huniamini? Panda mwenyewe basi."

"Aa, Baba, nani kasema sikuamini? Ukishasema wewe, yamekwisha."

Siku ya sikukuu watu walijaa kila upande wa kanisa, wamejibana kutani chini ya matao madogo ya pembeni. Katikati paliachwa wazi. Watawa waliimba. Mafundi seremala walikuwa tayari mahali pao, nyundo mkononi. Evrard alichagua kusimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Gosselin alipoingia akichechemea na gongo lake, Evrard alihisi moyo wake unalegea. Alimwona tena yule kijana aliyekuja kwake na viatu vya kuazima. Alitaka kuita. Neno lilikuwa limefika kooni kabisa.

"Mungu akulinde, fundi wetu!" Odila alipiga kelele, na kanisa zima likaitikia: "Fundi wetu!"

Evrard akalimeza lile neno.

Abati Artald aliinua mkono, watu wakanyamaza. "Gosselin ameniomba jambo," alisema, "nami nimelikubali. Anasema kuba ni mzigo tu, na mwenye kusifiwa ni aliyejenga mabega ya kuubeba. Kwa hiyo jina lililochongwa juu ya mlango huu si la Gosselin."

Watu wakatazamana, kisha wote wakageuka mlangoni.

Gosselin alikuwa ameshamfikia Evrard, macho yamemjaa machozi. "Nilitaka usijue mpaka leo," alisema, akamkumbatia kwa mkono mmoja. "Kuta ni zako, Baba. Nilichofanya mimi ni kufunika tu. Nenda kasimame, pale ni pako."

"Gosselin, mwanangu..."

"Usianze kubishana nami leo!"

Odila alikuwa nyuma yake tayari, akimsukuma kwa viganja viwili. "Nenda, mzee wangu, nenda! Na mdomo wangu huu unisamehe."

Evrard alijikuta anatembea. Mawe ya sakafu yalikuwa yake, aliyachagua moja moja. Alifika katikati, akainua uso. Huko juu seremala mkuu aliinamisha kichwa kwa heshima, akingoja. Angesema chokaa ni mbichi, wote wangemuuliza amejua lini, na wa kwanza kuuliza angekuwa Gosselin.

Ndipo wakaanza kuliita jina lake. Kwanza watawa, halafu waashi, halafu mahujaji ambao hawakuwahi kumjua, wote kwa sauti moja, Evrard, Evrard, mpaka madirisha yakatetema. Alikuwa ameingoja sauti ile miaka ishirini.

"Gongeni," akasema.