Mchinjaji Mbele ya Ubao

Mchinjaji Mshangama alilidharau darasa la watu wazima tangu siku ya kwanza. Wiki nzima mwalimu Zamda, binti wa juzi tu, alimtaka afute ubao, basi. Wiki ya pili ashike chaki bila kuandika.

"Mwanangu, mimi naangusha fahali. Ubao utanifanya nini?"

"Hautakufanya kitu, baba. Ndiyo maana tunauzoea polepole."

Akacheka kwa pua. Lakini Ijumaa alikuwa anaozesha binti yake wa pili, na safari hii hakutaka kuchovya dole gumba kwenye wino kutia sahihi cheti cha ndoa mbele ya wakwe, wakakonyezana kama walivyofanya wale wa binti wa kwanza.

Leo aliambiwa aandike herufi moja tu, ile inayoanza jina lake. Alipofika ubaoni jasho likamtiririka.

"Fahali kamwangusha leo!" akasema muuza maandazi kutoka nyuma.

"Funga domo, mjinga wewe!" Mshangama akamgeukia. " Wewe mwenyewe unaandika kama kuku anayeparua."

Chaki ikamkatikia mkononi. Zamda akampa kipande kingine. Mshangama akakitazama kama mfupa usio na nyama, kisha akavuta mstari mmoja kwenda chini, mguu wa kwanza wa M. Mkono ukagota hapo, unga mweupe ukimdondokea viatuni.