Kosa la Ukurasa wa Nne

Simu iliita kabla Karin hajavua koti. Alijua ni nani. Mji mzima wa Duluth hakuna mtu mwingine anayeamka na kupigia gazeti simu kwa ajili ya neno moja.

"Ukurasa wa nne," mzee alianza, salamu hana. "Mmeandika bandarini kuna 'less' meli. Meli zinahesabika, mhariri! Kinachohesabika ni 'fewer'. 'Less' ni ya visivyohesabika. Theluji, maji, akili."

"Akili haihesabiki, mzee?"

"Kwenu hapo hakuna hata ya kuhesabu."

Karin alijiachia kitini. Alikuwa hoi, kwa ule uchovu wa mtu aliyesahihisha maandishi ya wenzake tangu ujana wake.

"Mbona dukani wameandika 'less' kwenye foleni ya wenye vitu vichache?"

"Dukani wanauza viazi. Nyinyi mnauza maneno." Mzee akakohoa, akakohoa tena.

"Hicho kikohozi umemwonyesha daktari?"

"Tusitoke nje ya mada."

Akakata simu. Karin aliushikilia mkono wa simu kidogo, kisha akaurudisha mahali pake.

Dwight, mhariri mkuu, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Yule msumbufu wako tena?"

"Yuleyule."

"Sasa nisikilize. Mwenye gazeti ameanza kuuliza kwa nini makosa yote yanatoka kwenye ukurasa wako. Likitoka jingine, kazi huna, na mimi sitaweza kukutetea. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii, Karin. Umepatwa na nini?"

"Nimechoka tu."

"Basi soma mara mbili."

Alisoma mara mbili. Kufikia saa kumi jioni macho yalikuwa yanamwasha, na ukurasa wa kesho ulikuwa safi kabisa. Kilichobaki kilikuwa kuupeleka mitamboni, aende zake nyumbani akalale. Kazi hii aliipenda, na nyingine hakuwa nayo.

Akarudi kwenye habari ya shule za mji. Mwandishi alikuwa ameandika "fewer" wanafunzi, sawasawa kabisa. Karin akalifuta, akaandika "less", akaupeleka ukurasa.

Tangu walipogombana kwenye mazishi ya mama, baba yake hajampokelea simu hata moja. Ila akiona kosa gazetini, hupiga mwenyewe.