Risasi ya Kuvuka Mto

"Mbweha si nyati, mzee," alisema afisa wa vibali, akiibiringisha mezani risasi ya bunduki aliyoiomba Tobias. "Risasi ndogo inamtosha. Hii itatoboa ukuta wa udongo imkute jirani kitandani. Nyumba zenu zimebanana."

"Nani alizibananisha?"

Afisa, kijana ambaye hata shikamoo hakuitoa, alicheka. "Serikali, mzee. Haya, nipe sababu."

Tobias akamweleza. Mbweha mwenyewe hayuko kijijini. Yuko ng'ambo ya mto, mahameni, kule watu walikotolewa kuletwa kijiji cha ujamaa, na amechimba pango ubavuni mwa kaburi la mke wa Tobias. Kuvuka ni marufuku, mgambo wanalinda. Basi itabidi ampige kutoka upande huu, na kwa umbali ule risasi ndogo haifiki.

"Mmenikataza kwenda," alisema, "basi nipeni kitakachofika."

Afisa akashika kalamu, akaandika maneno mawili matatu, halafu akaiweka chini polepole.

"Kama huvuki, mzee, umejuaje kuwa amechimba mpaka kaburini?"

Tobias aliitazama mikono yake. Udongo wa kijijini ni mweupe kama majivu. Huu uliojaa ndani ya kucha zake ulikuwa mwekundu.

Angeweza kuificha mikono chini ya meza. Akaiweka juu, wazi, kando ya ile risasi.

"Nilikwenda kumfukia upya mke wangu, bwana. Na leo nitakwenda tena."